Chakula Kipya cha Kifungo na Soksi

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepoa, au bado unakohoa huku ukisema "si kitu, dada" kama kawaida yako? Kama bado, nenda hospitali, usinifanye nianze. Sisi hatujambo. Magoti yangu yanalalamika nikikanyaga cherehani, lakini yamezoea kulalamika na kazi inakwenda. Binti yako Chiriku ni mzima kabisa. Lile jino la mbele limeota, na sasa anacheka mdomo wazi ili kila mtu alione.

Mfuko wako wa chakula cha sungura ulifika salama. Yule fundi mwenzako aliyekuja likizo aliuleta mpaka mlangoni. Loo, ulivyopendeza! Punje nyekundu, punje za kijani, mahindi yaliyobonyezwa, vipande vya karoti kavu, mbegu. Nilitamani kuonja, na usiniulize kama nilionja. Chiriku aliukumbatia akaenda nao kitandani. Akatangaza kwamba kuanzia siku ile sungura wake, Kifungo na Soksi, watakula chakula cha Baba tu.

Nami unanijua, kitu chako kikiingia nyumba hii hupewa heshima zote. Zile peleti zao za zamani, vidonge vya chakula vya kahawia, visivyo na sura wala harufu, nikampelekea jirani awape kuku wake. Bakuli likaoshwa, likajazwa pomoni.

Sasa sikiliza nilichokiona. Nilikuwa nashona sare, jicho moja kwenye pindo, jingine kwenye kizimba. Vitoto vile vikaanza kuchagua! Soksi alimaliza nyekundu zote, nyingine akazisukuma kwa pua. Kifungo yeye ni wa mahindi. Punje za kijivu zilizochanganywa humo, ambazo nilikuja kuambiwa kwamba ndizo zenye kujenga mwili, hakuna aliyezigusa. Manyasi makavu wakayapa kisogo. Wanasema mchagua nazi hupata koroma, lakini hawa walipata kila walichotaka, maana Chiriku alikuwa anawaongezea kila wakimtazama. Mimi nikacheka tu, nikasema wamekuwa mabwana wakubwa.

Basi, Kifungo akaharisha. Kesho yake alijikunyata pembeni, masikio baridi, hataki hata jani. Chiriku hakulia. Alikaa sakafuni kando ya kizimba, kimya, yule mtoto tuliyempa jina la ndege kwa sababu hafungi mdomo. Kisha akaniuliza, "Shangazi, kwani chakula cha Baba ni kibaya?"

Tukamfunga Kifungo kwenye kipande cha flana, mbio kwa daktari wa mifugo. Mama yule mkali! Kabla hajamgusa akauliza chakula cha zamani tumekipeleka wapi. Nikasema kimeliwa na kuku. Akanitazama kama mteja niliyemkatia gauni bila kumpima.

Alimpa dawa, akatueleza, na mimi ninavyopenda kujua mambo nikamganda kwa maswali mpaka waliokuwa foleni wakaguna. Kumbe ndani ya tumbo la sungura mchanga kuna vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula, na vijidudu hivyo vina mazoea yao. Ukibadilisha chakula ghafla vinavurugika, hata kama ulicholeta kinang'aa kuliko cha jana. Manyasi makavu yawepo muda wote. Peleti za sungura wadogo ndizo bora, kwa kuwa zote zinafanana, hapo hakuna cha kuchagua. Ukitaka kubadilisha, cha zamani kiwe kingi na kipya kidogo. Ukiona choo kimekaa sawa, unaongeza kipya na kupunguza cha zamani, taratibu. Na sungura akiacha kula, usingoje kesho.

Kisha akamwinamia Chiriku, sauti imelainika. Akamwambia, "Chakula cha Baba hakina kosa, mwanangu. Kosa ni kwamba kilikuja chote kwa mara moja."

Kifungo amepona. Jirani alinirudishia peleti zilizobaki, na maneno juu yake. Mfuko wako upo kabatini, usijali, na Chiriku huwapa punje mbili tatu mkononi, kama peremende. Kila asubuhi anakagua kinyesi chao na kutangaza matokeo kwa sauti. Juzi mteja wangu aliondoka nimempima mkono mmoja tu.

Sasa hili ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Ulisema utakuja shule zikifungwa, ulale usiku mmoja, kisha uondoke na Chiriku. Nilipomwambia alirukaruka, akaanza kupanga nguo. Lakini jana, akipima peleti kwenye kikombe, akaniuliza bila kuinua macho, "Shangazi, na mimi nitahamishwa kwa mara moja?"

Mdogo wangu, sikunyimi mwanao. Wewe ndiye baba. Nitalia ukimchukua, na mizigo yake nitaifunga kwa mikono yangu. Ila tangu mama yake atutoke, mtoto hata kutambaa hajajua, amekujua kwa simu. Sauti yako anaijua. Hajui unavyokoroma, wala unavyonuna ukikosa chai. Omba ruhusa kazini, uje mapema, ukae. Umpeleke shule, umchane nywele, umuudhi, akusamehe, mimi nikiwa bado chumba cha pili. Halafu mwende. Kitanda chako nimeshakiondolea vitambaa.

Mama mkubwa anakusalimu na anauliza utaoa lini. Jirani naye anakusalimu, eti kuku wake hawajawahi kutaga hivi. Chiriku amesema nikuandikie kwamba Soksi anakipenda sana chakula chako, lakini wewe njoo na nguo nyingi.

Mungu akulinde kazini na njiani, na amlainishe bosi wako akupe likizo ndefu.

Dada yako akupendaye,
na aliyeshaweka kikombe chako mezani.