Uyoga Aliouchambua Bibi

Mwanangu Rehema,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata hujaikunjua karatasi hii. Hujambo mama? Mumeo hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Usimwogeshe jioni, huko kwetu jioni kuna upepo. Mjomba wako Hamisi mgongo unamwendeaje? Shangazi yako Mwanaidi nasikia ameanza tena kuuza mafuta ya alizeti sokoni Kondoa, Mungu amjalie. Jirani wote wa upande wa msikitini nawasalimu. Bibi yako sijamtaja, siyo kwamba nimemsahau mama yangu. Yeye ndiye barua yote.

Mimi mzima. Niko huku huku Chimwaga kwa mama Farida, kwenye banda la uyoga. Kazi ni ya kuinama: kumwagilia mifuko, kuvuna, kuanika. Mikono imekuwa kama ya mtu anayefua kutwa. Usijali, napaka mafuta.

Nikwambie uyoga ulivyoanza kuwa maneno. Zamani wateja walikuwa wenye migahawa tu, siku hizi wanakuja mpaka wastaafu na fimbo zao. Kuna mwalimu mmoja wa chuo, mtu mzima mwenye mvi, nikamuuliza, baba, mbona mnaukimbilia hivi? Akasema ndani yake mna kirutubisho kinaitwa ergothionini. Nilimwomba aniandikie, ndiyo maana nimekiweza. Mwili wenyewe haukitengenezi, mtu anakipata kwenye chakula, na uyoga ndio umekibeba zaidi. Wataalamu wanakifuatilia kwa ajili ya wazee, wazeeke na afya zao na akili zao. Huko nje wanakiuza hadi kwenye vidonge.

Nikasema, "Basi mimi mwakani nitakuwa kigori."

Mama Farida akadakia, "Wewe hata ule banda zima, hilo goti litalia vile vile."

Mwalimu akacheka, halafu akaniambia pole pole, "Mama, nisikudanganye. Bado wanachunguza. Wanazungumzia kuzeeka vizuri, hakuna aliyesema kinarudisha kilichokwisha kuondoka."

Mimi mwanangu nilishika ya mwanzo. Hayo ya mwisho niliyaacha pale pale mlangoni. Nilikuwa namfikiria mama yangu, siku ile nimepiga simu akaniuliza kwa adabu kabisa, "Wewe ni wa nani?" Ndiyo nikawatumia ule mfuko wa kwanza, nikasema mpikieni Bibi, uyoga ni dawa ya wazee. Nilisema dawa. Mwalimu hakusema dawa.

Sasa jana amefika mama Jamila, yule jirani wa nyumba ya chini, amemleta binti yake chuoni. Akanipa mzigo kutoka nyumbani, umefungwa kwenye kipande cha khanga ya Bibi, ile ya bluu.

"Mama yako kachangamka huyo," akasema. "Tangu useme uyoga ni dawa, na mvua ilivyonyesha, kila asubuhi yuko vichakani na kapu lake, wanawake wote nyuma. Huu kauchambua mwenyewe. Kasema mpelekeeni binti yangu aliye mbali."

Nikafurahi, Rehema. Nikasema amenikumbuka.

Unajua kwetu hakuna chungu cha uyoga kinachoinjikwa mpaka kapu lipite mkononi mwa Bibi. Mwenye haraka alisubiri, hata mke wa shehe alisubiri. Na mimi, yeye ndiye aliyenifundisha, bado sijaanza hata kujitwisha ndoo: "Huu wenye pete shingoni na kikombe mguuni uache ulipo, na mkono ukanawe."

Nikafungua khanga. Ule wa kichuguu tunaoula ulikuwamo, umekauka vizuri. Katikati yake upo mweupe, pete shingoni, kikombe mguuni, ule ule wa sumu. Nikasema umejipenyeza tu. Nikachambua, nikakuta mwingine, na mwingine. Nikamwonyesha mama Farida. Akanisogezea kigoda.

Hapo ndipo nilipojua. Siku ile ya simu, aliponiuliza mimi ni wa nani, nilisema ni mtandao tu unasumbua.

Mama Jamila anasema wa kwao wameuanika, hawajaupika bado, alhamdulillahi. Ya nyumba nyingine hajui. Mama Jamila simu ya kwao anayo huku, na ya mjomba wako tangu jana haipatikani, na hata ingepatikana mnaweka sauti kubwa na Bibi anakaa hapo hapo, maneno haya sitaki ayasikie. Kwa hiyo barua anakuja nayo mama Jamila kwa basi la asubuhi. Ukimaliza kuisoma ondoka, acha hata kama una kitu jikoni. Pita nyumba kwa nyumba, waliouchuma na Bibi wautupe wote chooni. Mwenye kutapika au tumbo kukata apelekwe hospitali hapo hapo, hata akisema amepata nafuu, maana uyoga ule una tabia ya kumpa mtu nafuu kwanza.

Bibi asijue. Nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha, kapu msimnyang'anye. Ndicho kitu alichobaki nacho.

Nimempa mama Jamila mfuko mkubwa awaletee. Wa humu ni uyoga wangu wa bandani, nimeuotesha mwenyewe, mbaya haumo hata mmoja. Nimechanganya mkubwa na mdogo, uliovunjika, mpaka mabua nimeyaacha humo makusudi. Ummiminie kwenye kapu lake, umkalishe kizingitini kwenye jua, achambue. Anaoutupa utupeni. Anaoubakiza mpikieni kwa karanga kama anavyopenda. Hapo hata akikosea, hatakuwa amekosea. Akitaka kwenda vichakani mwambie kuna mtu ameleta kapu, anasubiri, hawezi kuinjika chungu mpaka yeye aseme. Ukiisha huo nitaleta mwingine.

Kama uyoga huu una hicho kirutubisho cha kumsaidia, Mungu ndiye anayejua. Mimi sasa hivi nataka tu awe na kitu mkononi.

Nijibu upesi mwanangu, nitumie neno leo hii hii simu ikishika, maana sitakula mpaka nisikie. Niambie kama kuna aliyekula. Na niambie kama Bibi ameuliza kapu ni la nani. Akiuliza, jina langu usilitaje. Ngoja kidogo, uone kama atalitaja mwenyewe.

Ni mimi mama yako,
Chimwaga