Sambusa Chini ya Boneti

Alkhamisi, Ramadhani 1996

Kila siku mke wangu Zuwena anataka niuze gari yetu ya Kirusi. Eti mtu gani mwenye akili anaweka tairi la akiba juu ya injini, na nyuma kuna mlango mkubwa kama wa kabati?

Leo tumealikwa kufuturu kwa mama yake, kule Sidab. Nikaifunika sahani ya sambusa kwa foili, nikaiweka katikati ya lile tairi, nikafunga boneti. Kufika, nikaifungua mbele ya mashemeji wote. Wamenicheka mpaka adhana. Mimi nnaogopa zitanuka petroli.

Mama mkwe akaonja. "Hizi za moto," akasema. "Za wenye magari ya Kijapani zishapoa."

 Tuliporudi, mlangoni kwetu Zuwena akauliza, "Na sufuria ya biriani itaenea?"