Nilipima na Uzi

Mama yangu mupenzi wa Pweto,

Magoti yangali inakuuma? Unapata usingizi? Sisi huku Lubumbashi tuko bazima. Mujukuu wako Trésor ameota meno ya juu, anauma kila kitu, hata mukono wangu nikiandika.

Mama, niko na shida, na sijui nitaishika wapi.

Unajua ile ordinatere yangu, kompyuta yenye ninaandikiaka bantu barua na mialiko ya ndoa. Ilianza kuchoka. Nikifungua kazi mbili, inasimama tu. Fundi akaniambia: "Mama Trésor, memoare yake ya kukumbuka kazi iko kidogo. Nunua bareti kubwa." Bareti ni kipande chembamba kama rula fupi, kinaingia ndani ya mashini, ndicho kinaisaidia kushika kazi nyingi mara moja.

Basi nikafanya vile ulinifundisha kwa viatu vya batoto. Nikapima bareti yetu na uzi, nikaenda nao sokoni. Muuzaji akacheka: "Eh mama, unakuja kushonea mashini nguo?" Lakini uzi ulilingana kabisa, na bareti yake ilikuwa na nguvu mara mbili. Nikarudi ninaimba.

Nyumbani nikatoa ya zamani, nikaweka mupya. Haiingie. Kumbe chini ya bareti kuko kapengo kadogo, na ka hii mupya kako pembeni kidogo kuliko ka ile ya zamani. Nikasukuma na vidole vyote. Ikalia ka! Nafasi yake ndani ya mashini ikapasuka.

Nikapeleka mashini kwa fundi. Akashika kichwa: "Mama Trésor, hii si muhogo ya kutwanga! Urefu iko sawa, lakini hazikuzaliwa pamoja."

Sasa hata ya zamani haishike tena. Nikiwasha, kioo kinabaki cheusi, mashini inalia piip, piip, piip. Trésor anaiitikia: piip! Anapiga mikono. Ninacheka naye, kisha ninaenda kunawa uso.

Fundi anatafuta mashini nyingine iliyokufa, ya aina ile ile, atoe ubao wa ndani aweke kwa yangu. Hajapata. Na mama Kabedi, mwenye kibanda kile ninafanyiaka kazi, aliniambia bila ubaya: "Binti yangu, nitakungojea mpaka siku ya Mungu, hii jumapili. Kisha meza yako nitamupa muuzaji wa mikate." Nilimujibu nini? Nilisema aksanti. Kila asubui ninakaa pale, ninafuta vumbi. Bantu banauliza, ninasema mungoje kidogo.

Nisalimie kambo, bibi yetu, na yaya, dada yangu mukubwa, na batoto bake, na baba mudogo muuzaji wa samaki kavu.

Meza ikienda, utaniona ninashuka huko Pweto na mutoto mugongoni. Lakini usitandike kitanda bado, mama.

Mwana wako,
Chantal