Masika Anaangalia Nyuma

Jumanne, 4 Machi
Soko la Bwera. Chumvi ya Katwe magunia mawili, moja limelowa chini. Nimelianika njiani, watu wanaliruka. Mama Furaha, muuza samaki wa meza ya jirani, ameanza tena: "Mama Biira, ile katuni ya mutoto wako inatoka lini? Ao iko katuni ya mudomo tu?" Nikamjibu: mwezi wa nne, televisheni ya Kampala, na wewe utaangalia bure. Nilisema kwa sauti kubwa makusudi, hata ng'ambo ya mpaka Kongo wasikie.

Mimi niliishia darasa la sita, Butembo. Binti yangu anatengeneza picha zinazotembea. Miaka mingi alichora matangazo ya sabuni za watu. Sasa katuni ni yake mwenyewe. Nani mwingine hapa Bwera? Ajitokeze.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikuwa nakunja magunia matupu, nikakumbuka. Zamani tulikaa Kasese, nyuma ya kambi ya askari. Afande mmoja alikuwa na televisheni. Watoto walijazana dirishani kwake, akiwafukuza wanakimbia. Biira anabaki. Akirudi nyumbani, anachora kwa makaa juu ya gunia langu la chumvi. Siku ya kwanza nilimchapa. Siku ya pili wateja wakaulizia gunia la picha. Sikumchapa tena.

Alichora wasichana wawili siku zote. Mkubwa mbele, mdogo nyuma. Nilijua ni nani. Sikuuliza.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka misa. Niliandike hili, maana hakuna anayelisema tena.

Kwa Wakonzo, watu wa marehemu mume wangu, msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Huchagui. Masika wangu alikufa kwa homa, akiwa na miaka minne. Biira alizaliwa tumeshamzika dada yake, lakini aliitwa Biira. Jina la kwanza lina mwenyewe. Watu waliniita Mama Masika. Baada ya msiba wakaliacha jina hilo, halafu wakaanza Mama Biira. Walinihurumia. Mimi iliniuma.

Sasa katuni ni ya hao wawili. Masika na Biira wanabeba chumvi kutoka Katwe, na kila safari wanakutana na mambo. Binti zangu wote wawili kwenye televisheni! Nimemwambia kila mtu. Hata padri.

Alhamisi, 20 Machi
Biira amepiga simu. Wakubwa wa televisheni wanasema wasichana wawili ni wengi, kazi ya kuwachora ni kubwa. Abaki mdogo, anachekesha. Masika atolewe. Biira akikataa, wanachukua katuni ya mtu mwingine, na kazi ya miaka sita inalala.

"Mama, nifanye nini?"

Nikamwambia: "Biira bila Masika, ametoka wapi? Unamzika mara ya pili."

Simu ikakatika. Labda niliikata mimi.

Sijala.

Ijumaa, 21 Machi
Mama Furaha ameulizia katuni. Nikasema itatoka. Safari hii kwa sauti ndogo.

Nilisema vibaya. Biira hakumzika mtu. Ndiye peke yake anayemchora.

Jumatatu, 24 Machi
Nimempigia mara tano. Hapokei. Chumvi nimeuza, sijui kwa nani.

Ijumaa, 28 Machi
Amepiga! Hakutaja yale ya juzi. Hata mimi sikutaja. Aliuliza tu: "Mama, Masika alikuwa anatembea namna gani?"

Amewaomba wakubwa siku nne. Atawaonyesha Masika akitembea, kidogo tu. Wakimpenda, anabaki. Wasipompenda, basi. Lakini Biira hakumwona dada yake hata siku moja. Ninayejua ni mimi.

Nikaanza kueleza, maneno yakakataa. Akasema, basi tembea wewe, mtu akupige video.

Mtu nani? Mama Furaha. Nilimweleza yote pale mezani. Hakucheka. Alifuta mikono magamba ya samaki, akashika simu yangu.

Nikavua ndala nikazivaa mikononi, maana Masika alichukia ndala miguuni. Mguu wa kushoto unaingia ndani. Hatua tatu, anasimama, anaangalia nyuma kama mama anakuja na chumvi. Tena hatua tatu. Anaangalia. Mimi mwanamke mzima, na unene wangu wote, siku ya soko!

"Mama Biira amelewa!"

"Mama, hiyo ngoma ya wapi?"

Mama Furaha akawakemea: "Mufunge midomo! Iko kazi ya televisheni hii!"

Nilipoangalia nyuma mara ya tatu, ndipo nikajua Masika alikuwa anaona nini. Alikuwa ananiona mimi.

Jumatano, 2 Aprili
Wamekubali! Biira analia kwenye simu, mimi nalia juu ya chumvi. Anasema wakubwa walicheka zile ndala. Masika alipogeuka kuangalia nyuma, wakaomba waonyeshwe tena. Masika anabaki.

Nimejisifu mpaka sauti imekauka. Ni haki yangu.

Jumamosi, 12 Aprili
Asubuhi, nyumbani kwa Mama Furaha, mbele ya televisheni yake. Tulijaa ndani, wengine dirishani. Hakuna aliyewafukuza. Nilikuwa nimevaa kitenge cha Pasaka kabla ya Pasaka, na maneno yangu ya kujisifu nimeyapanga tangu jana.

Masika akatokea, ndala mikononi. Hatua tatu. Akaangalia nyuma.

Nikasahau kujisifu, nikasogelea kioo. Mama Furaha alinishika mkono, wake unanuka samaki. Sikuutoa.

Jumanne, 15 Aprili
Soko. Mvua asubuhi, nimefunika magunia. Mama Furaha alitaka chumvi ya samaki wake.

"Mama Masika," akasema, "nipimie vikombe viwili."

Nilimpimia. Nikajaza mpaka juu.