Miche Iliyobabuka

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Tandazeni wavu wa kivuli juu ya vitalu vya mbao kabla jua halijapanda. Kitalu cha mchicha kiacheni, kimekwisha.

Jana mchana babu yenu alikimwagilia kwa maji yaliyolala kwenye mpira wa bomba juani. Yalikuwa ya moto kama ya kupikia. Asubuhi nimekuta miche yote imebabuka. Miezi miwili ya kubeba udongo kwa ndoo imekwenda na maji! Nikampandishia sauti mzee wa watu: “Bora ungekaa tu kitandani!” Akatoka.

Ndipo nikakumbuka ni mimi niliyemtuma, kwa kuwa jana alfajiri nilipitiwa na usingizi, sikumwagilia. Wala sikumwambia ayamwage kwanza yale ya moto.

~~Akirudi, mwambieni aniombe radhi.~~

Akirudi, mwambieni mkwewe anamwomba radhi. Mpeni chai, mkae naye, asitoke tena.

Mimi nimekwenda kumtafuta. Nimebeba maji na viatu vyake. Ametoka pekupeku, na ardhi hii ikifika saa nne haikanyagiki.

Mama