Themosta Imerudi Kwenye Lori Lako, Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kaa kitako kwanza, na kama umeshika kikombe kiweke chini, maana nina tangazo zito. Baada ya kushauriana na familia, na kwa heshima zote, natangaza kwamba Jumanne, saa nne asubuhi, hapa Manundu, Korogwe, lori lako lilifungwa themosta mpya. Aliyeifunga ni fundi Salimu. Ndiyo, Salimu huyohuyo. Shughuli ilihudhuriwa na mimi, muuza kahawa na kuku wawili.

Najua umeshasonya. Ulipohamia Lushoto kwa mwanao uliniachia lori na amri moja tu: "Themosta isirudi humo ndani nikiwa hai." Nimeivunja, na wewe u hai. Naandika waziwazi, kila dereva wa Korogwe asome, kwa sababu na wewe hadithi ya themosta uliisimulia waziwazi, miaka yote, kwa kila mwenye masikio na rejeta.

Siku yenyewe unaikumbuka. Tulikuwa tunampeleka Mwanahawa, binti yako, kwa mumewe Sindeni, kule Handeni. Kiangazi kimekolea, jua limekaa juu ya lori kama limelipa nauli. Wewe kwenye usukani, mimi pembeni yako na shati langu jipya jeupe, nyuma kina mama wanaimba, na Salimu amebanwa kati ya masufuria mawili ya pilau. Wiki moja kabla ndiye aliyekufungia themosta. Alikueleza kwa upole kwamba kazi yake ni kuzuia maji mpaka injini ipate moto, kisha kuyaachia yaende kupoa kwenye rejeta. Ukamjibu, "Salimu, Handeni injini inapata moto kabla hujaiwasha."

Tulichemsha mara tatu. Mara ya tatu madumu yetu yalikuwa yamekauka, ukamwendea bibi mmoja aliyekaa mlangoni kwake.

"Shikamoo, bibi. Tunaomba maji ya gari."

"Marahaba. Ng'ombe zangu wanakunywa kwa zamu. Hilo lenu linakunywa kiasi gani?"

"Dumu moja tu, bibi. Tuna bibi harusi."

"Haya. Lakini lishukuru."

Na kweli uliligonga lori kwenye boneti ukaliambia liseme ahsante. Kina mama walicheka mpaka wimbo ukakatika.

Kisha ukatoa spana, na kicheko kikaisha.

"Salimu, umenifungia jiko ndani ya injini."

"Rafiki yangu, kabla hujafungua kitu, twende mbele ya gari tukaangalie rejeta."

Mkaenda. Mkachungulia. Hapakuwa na kitu. Ukaing'oa themosta, ukairusha kichakani, tukaenda mpaka Sindeni bila kuchemsha tena. Ulishuka kama jemadari. Salimu alishuka nyuma na sahani yake ya pilau akaila peke yake. Watu mliocheza pamoja mkiwa hamna hata meno ya mbele, tangu siku ile mkikutana sokoni kila mmoja anatazama upande wake.

Mimi nimeliendesha lori bila themosta, kama ulivyoamuru. Asubuhi linakohoa, dizeli linakunywa kama maji ya yule bibi. Mwisho nikampelekea Salimu. Alipokuwa anakaza boliti ya mwisho, miwani ikimteleza puani, akauliza kama vile anauliza habari za mvua: "Kule mlimani anaendeleaje? Magoti bado yanamsumbua?" Nikaona nikiendelea kunyamaza mtaondoka duniani mmenuniana kwa sababu yangu. Jumatano nikapakia mahindi Sindeni, saa saba mchana, jua lilelile. Mshale wa joto ulisimama katikati, haukucheza.

Sasa ukweli wenyewe. Unalijua vumbi la lori lako, linavyopenya kwenye injini na kuingia hadi ndani tulipokaa. Asubuhi ile ya harusi, kuliokoa shati langu jeupe, niliichukua kanga ya shangazi nikaiweka mbele ya rejeta, nyuma ya wavu, nikaikaza vizuri. Upepo haukupita. Kufungua boneti ilikuwa kazi yangu, na mvuke ulikuficha mengine. Ulipokuwa unamwomba bibi maji, niliinama nikaiona kanga imegandamana na rejeta, nyekundu kwa vumbi. Niliichomoa. Mlipokwenda mbele kuangalia, nilikuwa nimeikalia. Salimu alikuwa sahihi, themosta haikuwa na kosa, na mimi nilimwangalia anavyoaibishwa mbele ya wakwe nikajifanya natafuta kitambaa.

Kanga ninayo hadi leo. Jana nilimwonyesha Salimu nikamweleza yote. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaikunja ile kanga polepole.

"Jumamosi tunapanda Lushoto," akasema. "Mwambie anichemshie chai. Wewe utakaa nje."

Nitakaa nje kwenye baridi ya huko, Mjomba. Naomba tu sweta.

Ni mimi mpwa wako, yule wa shati jeupe.