Maelezo Kuhusu Faili la Marejeo Lililoachwa Wazi Siku ya Sabato

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Nyamira. 18 Juni 1997.
Jina: Obadiah Momanyi. Umri: miaka 63. Kazi: mwalimu mkuu mstaafu, sasa mtunza maktaba katika kituo cha utafiti wa kilimo. Makazi: karibu na Nyansiongo. Dini: Mwadventista, mzee wa kanisa.

Afande, kosa la watu wengi ni kudhani kwamba kompyuta zikishaunganishwa kwa waya, kila mtu anaweza kuandika ndani ya faili moja wakati wowote apendao. Sivyo. Wanafunzi arobaini wanaweza kusoma ubao mmoja, lakini wawili wakiushika pamoja, mmoja ataandika huku mwenzake akifuta. Naeleza haya kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wenzangu kituoni, na bila kuyaelewa huwezi kujua ni kwa nini Kartik yuko seli.

Faili lenyewe lina orodha ya vitabu na makala zote ambazo watafiti wetu hutumia: mwandishi, mwaka, na mahali pa kuvipata. Linakaa kwenye kompyuta kubwa, na mimi na wenzangu wawili tunalifikia kutoka vyumba vyetu. Kartik, fundi kutoka mjini Kisii, ndiye aliyetufungia mtandao huo. Alitupa kanuni moja: anayeandika ni mmoja, wengine wanasoma, na kabla ya kompyuta kubwa kuzimwa, anayeandika awe amefunga faili. Ikizimwa faili likiwa wazi, linaharibika.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Juni nilikuwa nikiandika. Jua lilikuwa likielekea kuzama, na sisi Waadventista hatuingizi kazi ndani ya Sabato. Niliinuka kwa haraka, nikafunika kompyuta kwa kitambaa alichofuma mke wangu, kama tunavyofunika redio nyumbani, nikafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Faili sikulifunga.

Jumamosi Kartik alikuja kubadilisha diski ya kompyuta kubwa. Mkurugenzi, Bwana Okemwa, alikuwa amemwagiza amalize siku hiyo kwa sababu Jumatatu tulitarajia wageni. Alipokuta chumba changu kimefungwa, alinifuata kanisani. Tulikuwa tumetoka nje baada ya Shule ya Sabato. Shemasi Ondieki alimwona kwanza akacheka.

"Omogaka, mzee wetu, kompyuta imekufuata mpaka kwa Mungu!"

Watu wakacheka. Mimi nikaona haya. Kartik alinisalimu kwa heshima, akasema, "Samahani, Mwalimu. Neno moja tu. Jana ulifunga faili?"

"Kijana, leo ni Sabato."

"Najua, Mwalimu. Usiniambie mengi. Ndiyo au hapana?"

Sikukumbuka kama nimelifunga. Ningeweza kusema hivyo, na kusema hivyo si kazi. Lakini wazee wenzangu walikuwa wakinitazama, nami nilitaka aondoke. Nikatikisa kichwa kukubali. Akashukuru, akarudi kituoni, akazima kompyuta kubwa.

Afande, andika hapo kwamba sikufungua kinywa. Nimekaa na jambo hilo siku nne nikijidanganya kwamba kwa kuwa sikutamka, sikusema uongo.

Jumatatu faili halikufunguka. Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa Aprili. Wageni walikuwa wameketi, na Bwana Okemwa akawaka. Alisema Kartik amefanya makusudi ili tumwite tena kila wiki. Kartik akajibu kwamba aliuliza, akajibiwa. Bwana Okemwa akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, ulimwambia nini?"

Nikasema, "Sikumwambia neno."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomfunga. Kartik angeweza kusema kwamba nilitikisa kichwa. Hakubishana nami. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu. Polisi waliitwa mchana.

Leo asubuhi nilipita hapa nikielekea sokoni. Mama yake Kartik, Shobha, mwenye duka la vitambaa Kisii, alikuwa kwenye benchi lenu la nje na chakula kilichofungwa ndani ya shuka. Alinitambua, akasimama akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa Mungu. Wewe watakusikiliza. Waambie mwanangu si mtu wa kuharibu."

Nikamwambia nitaingia. Sokoni sikufika.

Kartik hakuharibu kitu kwa makusudi. Alizima kompyuta kwa sababu mzee aliyemwamini alimwonyesha kwamba faili limefungwa. Aliyeliacha wazi ni mimi, na aliyeficha ni mimi. Haya nimeyasema bila kulazimishwa, nimesomewa, na nikiitwa mahakamani nitayarudia, hata shemasi Ondieki akiwapo.

Sahihi: O. Momanyi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Inspekta Machogu, kwa Kiswahili, lugha ambayo shahidi anaielewa vizuri. Shahidi aliomba yeye mwenyewe akamweleze mama wa mshukiwa kabla sijamweleza mimi. Nilimruhusu. Bwana Okemwa amesomewa maelezo haya kwa simu na ameondoa malalamiko.

Konstebo wa zamu: mtoe Kartik seli leo.